Jazi Masikioni mwa Watu wa Mpakani: Historia ya Muziki wa Dansi katika Njia ya Tunduma

Historia ya muziki wetu wa dansi imeandikwa zaidi kwa kuwafuata wapigaji. Tunayo majina ya bendi, ya waimbaji na ya wapiga magita. Tunajua bendi ipi iliundwa mwaka gani, na nani aliihama bendi yake kwenda kwa washindani. Jambo ambalo halijapewa nafasi ya kutosha ni habari za wasikilizaji. Na hali muziki, kama usemi mwingine wowote, hukamilika pale unapofika sikioni mwa mtu. Mpigaji hutoa sauti, na msikilizaji huipa sauti hiyo maana kwa kadiri ya kazi yake, imani yake, umri wake na mahali alipozaliwa.

Makala haya yanakusudia kueleza maana mbalimbali ambazo muziki uitwao "jazi" ulizipata kwa wasikilizaji wa Tunduma na wa nchi inayouzunguka mji huo, ambayo tangu mwaka 2016 imekuwa Mkoa wa Songwe baada ya kutengwa na Mkoa wa Mbeya. Majina makubwa ya bendi za jazi yalitoka Dar es Salaam, Morogoro, Tanga na Tabora. Lakini Mbozi, Momba na Ileje zilikuwa nchi ya wasikilizaji, tena wasikilizaji wa namna ya pekee, kwa kuwa walikaa mahali ambapo sauti za nchi mbili zilikutana. Yeyote atakaye kujua jinsi muziki wenye jina la kigeni ulivyopata kuwa mali ya taifa atafaidika akianza na watu hao.

Neno na safari yake

Neno "jazz" lilitoka Marekani. Lilianza kuonekana katika magazeti ya huko katika miaka ya 1910, na santuri za kwanza zenye jina hilo zilitolewa mwaka 1917. Muziki wenyewe ulikuwa umezaliwa na Wamarekani weusi, hasa katika mji wa New Orleans. Kwa mjuzi wa muziki huo alama yake kuu ni ubunifu wa papo hapo: mpigaji huuchukua wimbo unaojulikana na watu wote, akauvunja, kisha akaujenga upya mbele ya wasikilizaji wake.

Neno hilo lilipofika kwetu lilibadili maana. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, Kilwa Jazz mwaka 1958 na Western Jazz mwaka 1959. Bendi hizo hazikupiga muziki wa New Orleans. Zilipiga dansi: kwanza waltz na foxtrot kama zilivyochezwa katika klabu za Wazungu, kisha rumba na chachacha zilizosikika katika santuri za Kuba, ambazo kampuni ya Kiingereza ilizileta Afrika tangu mwaka 1933 katika mfululizo ulioitwa GV. Ng'ambo ya pili, mjini Leopoldville, Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953, na OK Jazz ya Franco na wenzake ikafuata mwaka 1956. Nao pia walipiga rumba, na nao pia waliiita jazi.

Hivyo basi, katika Kiswahili cha miaka ile mtu aliyesema "jazi" alikuwa na maana ya kundi la watu wenye magita, ngoma na vyombo vya kupuliza, wanaopiga muziki wa kuchezwa wawili wawili, usiku, ukumbini, kwa kiingilio. Ndani ya maana hiyo ya jumla kila msikilizaji aliweka maana yake mwenyewe. Ili tuzifahamu maana hizo, na tuitazame njia iliyozileta.

Njia kabla ya redio

Mpaka wa Tunduma ulitokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Mstari uliochorwa Ulaya uliwapitia Wanyamwanga katikati, hata ukoo mmoja ukawa na mashamba na makaburi katika nchi mbili. Kadhalika Walambya na Wandali wa Ileje wana ndugu zao Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe. Mpaka huo haukuwazuia watu kuoana, kuzikana wala kuchezeana ngoma.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoleta sauti mpya. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey yaliingia kusini-magharibi mwa nchi yetu kutoka upande wa Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, yakifuatwa na umati wa wapagazi. Katika vita hiyo ngoma ya beni, iliyokuwa imeanza katika pwani ya Kenya miaka ya 1890 kwa kuiga bendi za kijeshi, ilienea bara pamoja na askari na wapagazi. Malawi ilipata malipenga, na Zambia ikapata mbeni, na baadaye kalela katika miji ya migodi. Kwa hiyo, kabla gita halijafika, watu wa ukanda huu walikuwa wamekwisha kuzoea wazo la kundi la vijana wanaovaa sare, wenye vyeo na kiongozi, wanaopiga muziki ulioazimwa kwa wageni na kuugeuza kuwa wao. Mzee aliyeicheza beni mwaka 1920 hangeshangaa sana kuiona jazi mwaka 1950.

Msikilizaji aliyetoka migodini

Katika miaka ya 1930 vijana wengi wa nchi hii waliondoka makwao kutafuta fedha ya kodi, ya mahari na ya nguo. Wengine walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, na wengine wakavuka mpaka kufuata migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, mahali palipoitwa Kopabelti. Huko walikutana na Wabemba, Wabisa, Wangoni, Waluba na watu wa makabila mengine mengi. Mchunguzi J. Clyde Mitchell, aliyeandika juu ya kalela ya mji wa Luanshya katika kitabu chake cha mwaka 1956, ameeleza jinsi wachezaji wa ngoma hiyo walivyovaa nguo safi za Kizungu, mmoja wao akiwa na vazi la daktari na mwingine la nesi. Siku sita walichafuka shimoni. Siku ya saba walijionyesha kuwa watu wenye heshima.

Kwa kijana wa Kinyiha au wa Kinyamwanga aliyerudi kutoka huko na gramafoni kichwani, au gita begani, jazi ilikuwa hati ya ushahidi. Iliwaambia watu wa nyumbani kwamba amefika mbali, amepokea mshahara, ameishi na watu wasio wa kabila lake, wala hakupotea. Tena si kila wimbo aliorudi nao ulikuwa wa lugha ngeni kwake. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda huko Jadotville, ambayo sasa ni Likasi, akipiga gita na kuimba kwa Kiswahili cha Katanga. Na santuri zake ziliuzwa katika nchi nyingi za Afrika. Msikilizaji wa Mbozi aliisikia lugha aliyofunzwa shuleni ikitoka ndani ya nyumba za wachimba madini wa Kongo. Yeye alijifunza mapema, kabla ya kusomewa siasa yoyote, kwamba Kiswahili kina wenyewe wengi.

Lakini maana hiyo ilikuwa na upande wa uchungu. Sauti ile ile iliyompa kijana fahari ilimkumbusha mama yake miaka ambayo mwanawe hakuwapo. Wapo waliokwenda migodini wasirudi, wakaoa huko na kuzikwa huko. Katika nyumba za watu kama hao gita halikuwa furaha peke yake.

Msikilizaji wa kanisani

Wamisionari wa Kimoraviani walifika Rungwe mwaka 1891 na kufungua misheni ya Mbozi mwaka 1899. Walifundisha kusoma, kilimo na ufundi. Na pamoja na hayo walifundisha nyimbo za sauti nne na kupuliza tarumbeta. Kwa Mkristo wa kizazi cha kwanza na cha pili, muziki ulikuwa na nyumba mbili. Ulikuwapo wimbo wa ibada, na ulikuwapo mchezo wa usiku pamoja na pombe yake. Ngoma za jadi ziliwekwa katika nyumba ya pili, na jazi ilipokuja iliwekwa humo humo.

Ni rahisi kwa mwandishi wa leo kumcheka mzee wa kanisa aliyewakataza wanawe kwenda dansini. Haifai. Mzee huyo alikuwa na hoja yake. Aliona mshahara wa mwezi ukiisha Jumamosi moja, aliona ugomvi wa walevi na mabinti waliodanganywa, naye hakuwa na njia nyingine ya kuilinda nyumba yake ila kuufunga mlango. Kwake yeye jazi ilikuwa na maana ya fedha inayovuja.

Hata hivyo yapasa tutambue jambo moja ambalo historia ya nchi nzima inalithibitisha. Wengi wa wapigaji wetu wa mwanzo walijifunzia vyombo vya kupuliza katika bendi za misheni, za polisi na za jeshi. Tarumbeta iliyopigwa Pasaka asubuhi na tarumbeta iliyopigwa ukumbini usiku zilikuwa chombo kimoja, na mara nyingine mdomo ulikuwa mmoja. Sikio lililozoea sauti nne za kwaya ndilo lililoweza kupambanua magita mawili na saksafoni zikijibizana. Kanisa liliikataa jazi, na huku bila kukusudia lilikuwa limewafundisha wasikilizaji wake namna ya kuisikiliza.

Redio na mpaka uliosikika

Mpaka miaka ya 1940 mtu wa Tunduma na ndugu yake wa Nakonde walisikia mambo yale yale. Redio ndiyo iliyowatenganisha.

Kituo cha Lusaka, kilichokuwa kikitangaza kwa Kibemba, Kinyanja na lugha nyingine za nchi ile, kilipata nguvu kubwa mwaka 1949, wakati redio ndogo ya betri ilipoanza kuuzwa kwa pauni 5. Umbo lake lilikuwa la mviringo mfano wa sufuria, na jina lake la Kiingereza lilitokana na umbo hilo. Katika kituo hicho alifanya kazi Alick Nkhata, mzaliwa wa Kasama, ambaye gita lake na nyimbo zake zilisikilizwa katika Rhodesia ya Kaskazini yote. Kwa upande wetu, Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikakua mwaka hata mwaka, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyo chini ya serikali.

Hapo ndipo mstari wa mwaka 1890 ulipopata sauti. Shambani mpaka haukuonekana. Mahindi ya upande huu na ya upande ule yalikuwa mamoja. Lakini jioni, mtu alipozungusha kifundo cha redio, alijikuta anachagua nchi. Upande mmoja alipata Kibemba na magita ya Kopabelti. Upande wa pili alipata Kiswahili na bendi za jazi za Tanganyika. Mnyamwanga aliyezaliwa Tunduma aliweza kuzifahamu sauti zote mbili, na mara nyingi alizipenda zote mbili. Ila watoto wake waliosoma kwa Kiswahili waliuelekeza mkono kwa Dar es Salaam, na watoto wa ndugu yake waliuelekeza kwa Lusaka.

Redio yenyewe ilikuwa mali ya kutunzwa. Betri zilikuwa ghali, na katika miaka ya uhaba ziliadimika kabisa. Watu walizianika juani ili zipate nguvu ya siku moja mbili zaidi. Kwa hiyo kusikiliza kulifanywa kwa mpango. Redio ilifunguliwa kwa taarifa ya habari, kwa vipindi vya salamu, kwa "Ugua Pole" kama palikuwa na mgonjwa hospitalini, na kwa muziki wa bendi. Majirani walikusanyika. Mwenye redio moja alikuwa na wasikilizaji ishirini, na kila mmoja aliondoka na wimbo wake. Kwa mkulima wa kahawa wa Mbozi, ambaye hakupata kukanyaga ukumbi wa dansi maishani mwake, jazi haikuwa ya kucheza hata kidogo. Ilikuwa ni kukaa kimya pamoja na watu wengine mwisho wa kazi, na kusikiliza maneno.

Jazi na taifa jipya

Mwalimu Julius Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipoanza kazi ya urais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Alisikitika kwamba wasomi wetu walijua kucheza rumba, chachacha na michezo ya Kizungu kuliko walivyojua ngoma za makabila yao kama gombe sugu, mangala au lele mama. Maneno hayo yalikuwa na uzito, na katika shule nyingi yakawa msingi wa kufundisha utamaduni. Mwanafunzi alielewa kwamba ngoma ni yetu na dansi ni ya wageni.

Lakini miaka hiyo hiyo serikali, chama na mashirika ya umma yalianza kuziunda na kuzilea bendi za jazi kwa wingi. Chama cha wafanyakazi kiliunda NUTA Jazz mwaka 1964. Bendi hiyo ilikuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake tangu mwaka 1970, na Umoja wa Vijana ukaunda Vijana Jazz mwaka 1971. Polisi na majeshi nayo yalikuwa na zao. Wanamuziki walipata mshahara na vyombo, na bendi zikaimba habari za Azimio la Arusha, za kilimo, za ukombozi wa Afrika na, mwishoni mwa miaka ya 1970, za vita ya Kagera. Tukitazama kwa haraka twaweza kusema kwamba taifa lilijipinga lenyewe: lililaumu rumba kwa mdomo na kuilipa mshahara kwa mkono.

Msikilizaji wa mpakani anatusaidia kulifumbua fumbo hili. Kwake yeye ngoma ya Kinyiha ilikuwa ya Wanyiha, na ya Kinyamwanga ilikuwa ya Wanyamwanga wa nchi zote mbili. Hapana hata moja iliyomwambia kwamba yeye ni ndugu wa mtu wa Lindi au Mwanza. Kazi hiyo ilifanywa na jazi. Aliposikia Tabora Jazz, Atomic Jazz ya Tanga, Cuban Marimba ya Morogoro na NUTA ya Dar es Salaam katika jioni moja, tena zote kwa lugha moja, alikuwa anafundishwa ramani. Midundo ilitoka Kuba na Kongo, hapana ubishi. Lakini maneno, mafumbo, visa vya ndoa, vya mashamba, vya wasafiri na vya mji vilikuwa vya watu waliomfanana. Zambia iliikabili shida hiyo hiyo kwa njia yake: katika miaka ya 1970 Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga gita, aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia. Nchi zote mbili zilitambua kwamba sikio la raia ni jambo la siasa.

Kwa vijana na walimu wa miaka ile, basi, jazi ilikuwa shule ya Kiswahili na ya uraia. Mtoto wa Ileje aliyesema Kindali nyumbani alijifunza mafumbo ya Kiswahili kwa Mbaraka Mwinshehe kabla hajayakuta katika kitabu cha fasihi. Mwanamuziki huyo wa Morogoro Jazz, aliyeunda Super Volcano mwaka 1973, alifariki baada ya ajali ya gari huko Mombasa tarehe 12 Januari 1979. Na msiba huo ulikuwa wa watu ambao kwa sehemu kubwa hawakupata kumwona hata mara moja. Walimjua kwa sauti.

Barabara, bomba na reli

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikahitaji njia nyingine ya kufikia bahari. Tunduma ikawa mlango. Malori yalipita usiku na mchana katika barabara iliyokuwa ya vumbi na tope kabla haijawekwa lami. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968. Na ujenzi wa reli ya TAZARA ulianza mwaka 1970. Reli hiyo ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976.

Njia hiyo ilileta wasikilizaji wapya. Dereva wa lori alikaa Tunduma siku kadhaa akingoja karatasi zake zikamilike. Kwake yeye jazi ilikuwa dawa ya upweke, na pia namna ya kujua mahali alipo, kwani kila kituo cha njiani kilikuwa na baa, na kila baa ilikuwa na mtindo iliyoupendelea. Mpenzi wa Western Jazz alidai Saboso, wa NUTA alidai Msondo, wa Tabora Jazz alidai Segere Matata. Mitindo hiyo ilikuwa kama bendera. Ugeni wa mtu ulijulikana kwa wimbo aliouomba kabla haujajulikana kwa lafudhi yake. Kijana aliyeacha jembe akaenda kufanya kazi ya reli bega kwa bega na Wachina na Watanzania wa mikoa yote aliipata maana nyingine: kuwa na mshahara wa mwezi bila kuvuka mpaka. Baba yake aliifuata jazi Kopabelti. Yeye ilimfuata kwao.

Saa nazo zilikuwa na neno. Saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, na hivyo usiku wa Nakonde huchelewa. Aliyetaka muziki uendelee baada ya baa za Tunduma kufungwa alijua pa kwenda. Ndivyo mpaka unavyoishi: sheria huugawa usiku mara mbili, na miguu ya watu huuunganisha.

Wanawake na maneno ya wimbo

Yatakuwa makosa kudhani kwamba msikilizaji wa jazi alikuwa mwanamume siku zote. Jukwaani wanawake walikuwa wachache. Kwa hiyo inafaa kukumbukwa kwamba katikati ya miaka ya 1960 iliundwa mjini Dar es Salaam bendi ya wanawake watupu iliyoitwa Women Jazz. Ila katika kusikiliza walikuwa wengi, na nyimbo nyingi zilisimuliwa juu yao: mke aliyeachwa, mchumba aliyesahauliwa, mama mkwe, mke mwenza, mjane aliyenyang'anywa mali.

Mwanamke aliyesikiliza nyimbo hizo alisikia mambo mawili kwa mara moja. Alisikia lawama, kwa sababu watunzi wanaume mara nyingi waliwaona wanawake wa mjini kuwa chanzo cha matata. Lakini pia alisikia jambo lake la ndani likisemwa hadharani, na redio ikilitangaza nchi nzima. Mke asiyeweza kumwambia mumewe neno mbele ya wakwe aliweza kuuongeza sauti wimbo uliolisema neno hilo, naye akaendelea kupika. Mume alisikia. Kwa mwanamke wa namna hiyo jazi ilikuwa mshenga. Biashara ya mpakani ilipokua, na wanawake wengi wakawa wenye vibanda, migahawa na vilabu vya pombe katika Tunduma, muziki ukawa pia chombo cha kazi: wateja hukaa palipo na sauti nzuri, na anayekaa hula na kunywa.

Jazi ya Marekani na jazi yetu

Mwanafunzi wa sekondari atauliza: je, jazi ya Kimarekani haikupata wasikilizaji kwetu? Ilipata, ila wachache, hasa wasomi na watu wa miji mikubwa. Mwaka 1960 Louis Armstrong alizuru Afrika na kushangiliwa Leopoldville, mji wa wale walioita rumba yao jazi. Na mwaka 1973 Dizzy Gillespie alipiga Nairobi wakati wa sherehe za miaka kumi ya uhuru wa Kenya. Wamarekani weusi waliokuja kwetu walitafuta asili yao ya Afrika, na sisi tulikuwa tumechukua jina la muziki wao kulipamba jambo jipya. Kila upande ulimwona mwenzake kuwa ndiye mwenye chemchemi.

Mipaka ya kukubalika ilikuwapo. Mwaka 1969 wakuu wa serikali walipiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za Dar es Salaam, kwa kuuona kuwa unaharibu vijana. Jazi yetu, iliyokuwa imelaumiwa hivyo hivyo miaka michache nyuma, haikuguswa. Katika muda mfupi ilikuwa imevuka kutoka upande wa ugeni hadi upande wa urithi. Na waliovusha ni wasikilizaji, kwa kuitumia katika arusi, misiba, safari na mapumziko yao mpaka ikawa haiwezi kutengwa na maisha yao.

Yanayotupasa

Hali imebadilika. Bendi nyingi za mashirika zilidhoofika tangu miaka ya 1980, vyombo vilipokuwa adimu na mashirika yenyewe yalipoishiwa fedha. Vijana wa Vwawa na Tunduma leo wanasikiliza bongo fleva, nyimbo za injili na muziki wa Zambia, na simu imechukua nafasi ya redio. Kanda za Radio Tanzania zimebaki katika mikono ya TBC, na ni hazina kubwa. Lakini kanda huhifadhi sauti ya mpigaji tu. Maana ambayo mchimba madini, mzee wa kanisa, mkulima wa kahawa, dereva, fundi wa reli na mwenye mgahawa waliipa sauti hiyo imehifadhiwa katika vichwa vya wazee, na wazee hao wanapungua.

Fundisho la historia hii ni kwamba jambo la utamaduni halipimwi kwa asili yake peke yake. Kama tungeipima jazi kwa jina, tungesema ni ya Marekani. Kwa mdundo, ya Kuba na Kongo. Kwa vyombo, ya Ulaya. Tukiipima kwa wasikilizaji twaona kwamba iliwapa watu wa nchi ya mpakani lugha ya kuzungumza na taifa lao, bila kuwataka wawakane ndugu zao wa ng'ambo. Nayo haikufanya hivyo kwa kuwapa wote maana moja. Mzee wa kanisa na kijana wa migodini hawakupatana juu ya jazi hata siku moja. Lakini waligombana juu ya jambo moja, kwa Kiswahili kimoja, na ugomvi wa namna hiyo nao ni sehemu ya kuwa taifa.

Kwa hiyo mwalimu wa historia na wa Kiswahili anayo kazi iliyo karibu naye. Awatume wanafunzi wake kwa babu na bibi zao na maswali machache: redio ya kwanza nyumbani ilinunuliwa lini, na kwa fedha ya zao gani? Nani aliruhusiwa kuifungua? Wimbo gani ulikatazwa, na kwa sababu gani? Ulipopigwa wimbo fulani, nani alinyamaza? Majibu yaandikwe kwa maneno ya wazee wenyewe, pamoja na mwaka na jina la kijiji, na yatunzwe shuleni. Kazi hiyo ikifanywa katika shule za Mbozi, Momba, Ileje, Songwe na Tunduma, watakaoiandika historia ya muziki wetu baada yetu watakuwa na sauti za wasikilizaji kando ya majina ya bendi.